Kijana wa miaka 15 kalala njaa siku mbili na dagaa wamejaa ndani. Nimekosea wapi?

#1 Mama Dagaa wa Mwanga
Wakuu habari za saa hizi. Nina jambo linanikereketa naombeni mawazo, matusi bakini nayo. Jumatano nilipata taarifa ya msiba Kasulu nikaondoka na huyu mdogo wa miaka 6, kaka yake nikamwacha nyumbani hapa Mwanga, Kigoma, maana ana mitihani, yuko form two. Baba yao yuko kambini ziwani huko kusini, huyo mpaka mbalamwezi, wakati hawavui dagaa, ndo tunamuona. Ndani nimeacha unga wa muhogo nusu ndoo, dagaa viroba viwili, mawese, chumvi, vitunguu. Ijumaa jioni narudi nakuta kijana kajilaza kwenye mkeka midomo imekauka. Umekula nini? Anasema juzi alimalizia mkate, jana hakula, leo kala embe. Embe! Na dagaa wako pale futi mbili kutoka kichwani kwake.

Mimi kwa umri wake pale Ujiji nilikuwa nakamua mawese, naanika dagaa, napikia watu nane. Mama yangu hakuwahi kunikalisha chini kunifundisha, nilijikuta tu najua. Sasa mimi nimesoma kumzidi mama, nina biashara yangu, nimeshindwaje kumpa mtoto kitu ambacho mama yangu alinipa bila hata kujua anatoa? Kosa ni shule, simu au ni mimi?

#2 Kipe na Karabai
Nawahi siti ya mbele.

#3 Mnyamwezi wa Isevya
Mwangaluka wana Kigoma. Kijana kaamua kufunga tu kuliko kula dagaa wenye mchanga, mwacheni. Angekuwa Tabora angekula matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, hayahitaji moto wala mama.

#4 Fundi Cherehani
Simu. Tufunge uzi.

#5 Mama Wanne Gungu
#4 acha uvivu wa kufikiri. Wangu hana simu na bado hajui sufuria inakaa wapi. Kosa ni kwamba tunazaa wa kiume tunawafanya wageni wa heshima. Mleta uzi jiulize, huyo angekuwa binti ungemwacha hajui kupika hadi miaka 15? Bibi yake tu angekusema mpaka ukome. Sisi mama zetu walirithisha wasichana kazi na wavulana wakarithishwa kusubiri kuitwa mezani, halafu wakioa ndo tunaanza kulia kwamba wanaume wa siku hizi.

#6 Kipe na Karabai
#5 hapo nakataa. Nenda kambi yoyote ya wavuvi uone nani anapika. Hakuna mwanamke, na watu wanakula ugali mkubwa na mgebuka kila siku. Mimi nilijifunza kupika nikiwa na miaka 14 kambini sio kwa mama, siku ya kwanza nikasonga ugali ukawa uji wakanipa jina la Uji miaka miwili mizima. Mtoto wa kiume anajifunza akikaa na wenzake wenye njaa.

#7 Binti Ujiji
Dada mleta uzi pole na msiba. Mimi naona mnaongelea kupika tu, kupika ni kitu kidogo, mtu anajifunza kwa wiki mbili akitaka. Kuna vitu mama zetu walitupa ambavyo huwezi kuvipata kwenye video.

Mama yangu alikuwa anakopesha mawese, dumu kwa dumu, watu wanalipa wakiuza. Jumamosi asubuhi ananituma kufuata madeni, nina miaka tisa. Maelekezo yake nayakumbuka neno kwa neno. Ukifika usiseme umefuata hela. Toa shikamoo, sema mama anakusalimia, kaa kibarazani, ukipewa maji kunywa. Akiwa nayo atakupa mwenyewe. Akisema "mwambie mama nami namsalimia" ujue hana, inuka uondoke na usigeuke kuangalia alichokipika. Hiyo ya kutogeuka aliirudia kila Jumamosi. Nyuma ya mlango wetu alikuwa na mistari ya mkaa, kila dumu mstari mmoja, wewe ukilipa anachovya kidole mate anafuta mbele yangu, nikishuhudia. Hakuwahi kusoma lakini hesabu ile haikukosea.

Leo nafanya kazi ya mikopo, wenzangu wakipigia wadaiwa ni makelele na vitisho, mimi naanza na salamu na nyumbani hawajambo. Mabosi wananiuliza marejesho yako unayapataje. Nitawaeleza nini, kwamba mama aliniambia nisigeuke?

#8 Mama Wanne Gungu
#7 umeniliza asubuhi asubuhi.

#9 Sina Jina Kubwa
#7 hongera lakini si wote ilitutoka hivyo. Mimi nilitumwa vile vile kufuata madeni ya vitumbua. Kuna mdeni mmoja mtoto wake nasoma nae darasa moja, siku hiyo mama mtu akanifokea nikiwa mlangoni na yule mwenzangu amesimama nyuma ya mama yake ananiangalia. Jumatatu darasa zima naitwa Mdai. Mpaka leo nina miaka 38 sikopi wala sikopeshi, mke wangu akikopa kilo ya sukari dukani silali. Mama alidhani ananifunza biashara, mimi nikajifunza aibu. Kitu kile kile kimoja.

#10 Binti Ujiji
#9 pole kaka. Labda tofauti ni maelekezo. Wewe uliambiwa useme nini?

#11 Sina Jina Kubwa
Niliambiwa nisirudi mikono mitupu.

#12 Mwalimu wa Chaki
Kinachoongelewa hapa kina jina, kinaitwa elimu ya kujitegemea na tuliiua wenyewe. Mwalimu Nyerere alipoileta 1977 kila shule ilikuwa na shamba, tulilima, tulifuga sungura, tulifyatua matofali. Mtoto alitoka shuleni na mikono inayojua kitu. Leo anatoka na maksi. Mama peke yake hawezi kubeba kazi ambayo zamani alisaidiwa na shule, na mtaa, na shangazi.

#13 Mpenda Vitabu Kasulu
Mwalimu shikamoo. Naomba kurekebisha kidogo, Elimu ya Kujitegemea ni Machi 1967, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha. 1977 ni UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote.

#14 Mwalimu wa Chaki
Marahaba. Kweli kabisa, 1977 ndo niliingia darasa la kwanza na hao hao wa UPE, ndo maana imenikaa kichwani. Hoja ibaki.

#15 Fundi Cherehani
Hoja ibaki lakini sungura tuliwafuga sisi wakaliwa na walimu. Hiyo nayo ni stadi ya maisha.

#16 Mdau wa Haki
Nashangaa watu wanasifia mtoto wa miaka tisa kutumwa madeni. Kisheria mtoto haruhusiwi kufanyishwa kazi, full stop. Kazi yake ni kusoma na kucheza.

#17 Mpenda Vitabu Kasulu
Hapana mkuu, usitutishe bure. Sheria ya Mtoto ya 2009 imeruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, ile isiyomuumiza wala kumkosesha shule. Kinachokatazwa ni unyonyaji na kazi za hatari. Na sheria hiyo hiyo ina sehemu ya wajibu wa mtoto mwenyewe, kuheshimu wazazi na wakubwa na kufanya kazi kwa ajili ya mshikamano wa familia. Ukimtaja mtoto wa miaka tisa kufuata madeni hapo tunaweza kubishana, ila kuosha vyombo sio kosa.

#18 Mdau wa Haki
Sawa, nimekuelewa. Ila vitumbua vya #9 bado vinaniuma.

#19 Konda wa Zamani
Ngoja niwape yangu. 1994 nina miaka 11 mama alinipandisha treni hapa Kigoma niende Tabora kwa mama mdogo, peke yangu, na mizigo mitatu: begi la nguo, kiroba cha dagaa na dumu la mawese. Akanishika sikio pale stesheni akasema kila treni ikisimama, kabla hujachungulia dirishani hesabu mizigo, moja mbili tatu, ndo uchungulie. Nikafanya. Uvinza wamama wanauza chumvi nahesabu kwanza, tatu. Nguruka samaki wanapita dirishani nahesabu kwanza, tatu. Urambo tatu. Kaliua nikapitiwa na usingizi. Tabora nashuka, mbili. Dumu halipo.

Mama mdogo hakunipiga, hata hakukasirika. Alinipa karatasi na kalamu akasema muandikie mama yako mwenyewe umueleze. Ile barua niliiandika siku nne. Nilianza na "mtu mmoja aliiba", nikachana, nikaandika "dumu lilipotea", nikachana, mwisho nikaandika "nililala". Mpaka leo nikiwa na kosa kazini huwa naiona ile karatasi.

#20 Mnyamwezi wa Isevya
Hadithi nzuri ila ukitoka Kigoma unaanza Kaliua ndo Urambo. Umezigeuza.

#21 Konda wa Zamani
Ndo ushahidi kwamba nilikuwa nimelala.

#22 Mnyamwezi wa Isevya
😂😂 nimekubali. Na lile dumu nahisi namjua aliyelila, kuna bibi hapa mtaani 1994 alipika maharage yana rangi nyekundu haijawahi kutokea.

#23 Dada wa Kibondo
Naomba niongee kitu hamjagusa. Mimi nilitoka Kibondo kwenda Dar kufanya kazi za ndani, nikakaa kwenye nyumba moja miaka saba. Watoto wawili wa pale mimi ndo nimewafunza kufua soksi, kutandika, kusema asante, kunawa, hata kusali. Mama yao alikuwa mtu mzuri tu ila anatoka saa kumi na moja alfajiri anarudi saa mbili usiku, hao watoto tabia zao nusu ni za kwangu, mpaka kuongea wakawa wanaongea kama watu wa huku. Kwa kipindi chote hicho wa kwangu yupo kwa bibi yake kijijini na mimi sikumfundisha hata kufunga kamba za viatu. Sasa nimerudi ana miaka 12, anajua kulima, anajua kuchanja kuni, ananiita dada. Kwahiyo mkisema "mama anarithisha", mi nauliza mama yupi.

#24 Mama Wanne Gungu
Hapa sina neno.

#25 Kipe na Karabai
Dada pole sana. Atakuita tu, mpe muda.

#26 Fundi Cherehani
Narudi kwenye mada maana mtatufanya tulie wote. Mleta uzi umewahi kumuona huyo kijana akiwasha jiko? Maana kuna wamama wanafukuza watoto jikoni, "toka utaungua, toka utamwaga, nitafanya mwenyewe haraka". Mke wangu ni hivyo. Mtoto akishika kisu anashtuka kama kashika nyoka. Halafu akifika miaka 15 anaulizwa kwanini hujui.

#27 Shangazi Heru Juu
Mwakeye wanangu. Hilo la fundi ni kweli lakini lina sababu. Sisi tuliopigika hatutaki watoto wapigike. Mimi nimebeba mihogo kichwani toka bondeni mpaka utosi ukaingia ndani, nikasema wangu hatabeba. Hakubeba kweli. Na hawezi kubeba. Sasa nani wa kumlaumu? Ukimnyima mtoto shida zako umemnyima na ulichojifunza humo, na ukimpa shida makusudi wewe ni mchawi. Sijapata jibu mpaka uzee huu.

#28 Mnyamwezi wa Isevya
Shangazi shikamoo. Mimi naona jibu ni hali ya maisha tu. Njaa ndo ilikuwa mwalimu. Mwaka ule Ziwa Tanganyika lilipofungwa uvuvi miezi miwili 2024 shemeji yangu huko Kibirizi watoto wake walijua kila kitu ndani ya wiki, kubana matumizi, kuuza karanga, kupika bila mboga.

#29 Kipe na Karabai
Miezi mitatu mkuu. 15 Mei mpaka 15 Agosti. Mimi ni mvuvi nilizihesabu moja moja. Na si kweli kwamba watoto walijifunza kubana matumizi, wa kwangu walijifunza kumkimbia mwenye duka.

#30 Pilipili Mbuzi
Hivi katika kurasa zote hizi kuna mtu amemuuliza huyo kijana mwenyewe kwanini hakula? Au tunamjadili kama marehemu?

#31 Mama Wanne Gungu
Eeh jamani! Mleta uzi upo? Ulimuuliza?

#32 Mama Dagaa wa Mwanga
Nipo nasoma, asanteni wote, #23 nimekuombea. Kusema ukweli nilimgombeza tu, kumuuliza sikumuuliza. Akirudi shule namuuliza.

#33 Fundi Cherehani
Wakati tunasubiri, wenye fani, dagaa wa mawese mnaanza na nini? Mke kasafiri na uzi huu umenitia hofu.

#34 Binti Ujiji
Wapepete na uwaoshe kwa maji ya vuguvugu mara mbili tatu, mchanga utulie chini, usimwage bakuli lote, watoe kwa mkono. Watie kikaangoni wakavu kwanza mpaka walie, ndo mawese kidogo, kitunguu, nyanya, pilipili, maji nusu kikombe, funika. Chumvi onja kwanza. Usiyaunguze mawese mpaka yakawa meupe, nyumba nzima itakohoa.

#35 Mnyamwezi wa Isevya
Au nunua nsansa, mboga ya majani makavu, upumzike na mchanga.

#36 Mama Dagaa wa Mwanga
Haya nimerudi. Nimekaa kwenye kigoda hapa sijui nicheke au nilie.

Nimemuuliza taratibu, baba, kwanini hukupika? Anajua kupika! Anasema huwa anapika kwa rafiki yake wakijisomea. Nikamwambia sasa dagaa hukuwaona? Akasema "mama, ule ni mzigo. Ulisema mzigo wa biashara hauguswi." Jamani ni kweli. Akiwa na miaka kama saba alichota dagaa kwenye kiroba cha mteja akawapa paka, nilimchapa na nikamwambia maneno hayo na nimeyarudia kila mwaka. Na viroba viwili nilivyoacha vyote ni vya mteja wa Tabora, nilisahau kumtolea fungu la kula.

Nikamuuliza ungesonga hata ugali ukala na chumvi. Akasema mkaa ulikuwa umeisha Jumatano hiyo hiyo. Nikasema si kuna elfu ishirini kwenye kopo juu ya kabati? Akaniangalia kama mimi ndo mtoto. "Ile si ya mchezo wa upatu mama? Jumapili si zamu ya kutoa?" Nikamuuliza na kwa jirani je, mama Zuhura yupo ukuta wa pili. Akajibu "si ulisema tusile kwa watu."

Kila mlango niliufunga mimi mwenyewe.

#37 Kipe na Karabai
Aisee.

#38 Sina Jina Kubwa
Huyo mtoto nipe nimuweke dukani kesho asubuhi. Elfu ishirini kwenye kopo, njaa siku mbili, hajagusa! Mimi mzee mzima ningeshakopa elfu tano humo nikajiahidi nitarudisha.

#39 Pilipili Mbuzi
Tusikimbilie kumsifia. Huo sio uaminifu huo ni uoga. Mtu mwaminifu angechukua elfu mbili ya mkaa akakuandikia karatasi "mama nimechukua". Anakuogopa wewe kuliko anavyoogopa kufa.

#40 Shangazi Heru Juu
Mwanangu #39, uoga na heshima kwa mtoto vinakaa chumba kimoja, kuvitenganisha ni kazi ya ukubwa. Muacheni.

#41 Mama Wanne Gungu
Mimi lililonishika ni hilo la kutokula kwa watu. Wote tumelipata hilo. Unaenda na mama kwa watu, sahani inaletwa, unamuangalia usoni, akikukata jicho unasema nimeshiba na tumbo linanguruma mpaka mwenyeji anasikia. Mama zetu walikuwa na maana, ulafi ni aibu na wengine waliogopa hata sumu. Lakini zamani hizo hizo ukichelewa kurudi ulikula kwa jirani na hakuna aliyeuliza. Sasa tumebaki na jicho, ule ujirani umekwisha.

#42 Konda wa Zamani
Sio kweli kwamba umekwisha, mama Zuhura yupo ukuta wa pili. Angebisha hodi angekula.

#43 Dada wa Kibondo
Angebisha hodi halafu aseme nini? Nina njaa? Mtoto wa miaka 15 wa kiume aseme hivyo? Hata mimi sisemi. Hicho ndo kitu hakuna mama aliyetufundisha, kuomba.

#44 Binti Ujiji
Salamu. "Mama Zuhura shikamoo, mama anakusalimia", ukakaa kibarazani. Mtu mzima akikuona umekaa kibarazani saa moja jioni anajua.

#45 Sina Jina Kubwa
Dada wewe na kibaraza chako. Siku hizi ni mageti. Mimi nasema kosa ni simu ya mama, siku mbili msibani hujapiga hata mara moja kuuliza umekula nini?

#46 Mama Dagaa wa Mwanga
#45 nilipiga kila jioni. Namuuliza "mzima?" ananijibu "mzima mama, shikamoo."

#47 Mnyamwezi wa Isevya
Samahani, huyo mteja wa Tabora mwenye viroba viwili ni mimi au mwingine? Maana nasubiri mzigo tangu Alhamisi.

#48 Mama Dagaa wa Mwanga
Hahaa Mnyamwezi kumbe ni wewe! Mzigo unapanda treni inayofuata, haujapungua hata punje, shahidi ninaye. Mimi kesho naenda tena Kasulu kwenye kuanua matanga, siku moja tu. Safari hii nimemtolea fungu lake la dagaa kwenye bakuli la bluu, nimemwambia hili ni lako kula lote, na kwa mama Zuhura nimeongea nae mwenyewe.

#49 Pilipili Mbuzi
Safi. Na mkaa umenunua?

#50 Mama Dagaa wa Mwanga
Mungu wangu.